Nani Anakusimamia Maskati?

Mji wa Maskati ulikuwa ukifungwa kila usiku. Haya si mambo ya enzi za majini. Wapo wazee hai walioyaona kwa macho yao. Mji ule wa kale umebanwa baina ya bahari na majabali, na upande wa nchi kavu ulikingwa kwa ukuta wenye lango kubwa, Bab al-Kabir. Ikifika saa tatu za usiku, lango linafungwa. Ukichelewa nje, utalala nje. Na wewe uliye ndani, ukitaka kwenda kwa jirani gizani, sharti ubebe fanusi inayowaka, ikumulike uso, askari akujue toka mbali.

Sultani wa wakati huo alikuwa Said bin Taimur, aliyetawala tangu mwaka 1932 hadi 1970. Yeye ndiye aliyekuwa na kauli ya mwisho kuhusu nani aingie nchini na nani atoke. Mwomani aliyekwenda kusoma ng'ambo bila ruhusa yake aliweza kukuta njia ya kurudi kwao imezibwa. Na wengi walitamani kwenda kusoma, kwa sababu nchi nzima ilikuwa na shule tatu tu za serikali, zote za wavulana. Najua baadhi yenu mngefurahi kusikia shule ni chache. Ngojeni mkue.

Siku hizi lango la Maskati liko uwanja wa ndege. Ni dirisha lenye kioo, nyuma yake ameketi afisa wa Polisi wa Kifalme wa Oman, na mbele yake imesimama familia yako: baba, mama, wewe, na yule mdogo wako aliyelala begani kwa mama tangu ndege ilipoiacha Unguja. Afisa anaangalia pasipoti, anaangalia kompyuta. Anataka kujua majina yenu, bila shaka. Lakini kuna swali jingine linalokuja na hilo, na ndilo nitakalokuelezeni leo, maana bila ya kulielewa hamtaelewa kwa nini wazazi wenu wanakosa usingizi kwa ajili ya makaratasi. Swali lenyewe ni hili: nani anakusimamia hapa?

Oman imekuwa ikiuliza swali hilo kwa muda mrefu, na watu wa mwambao wetu wanalijua vizuri.

Hapo mwanzo, baina ya Oman na Zanzibar watu walisafiri kwa upepo. Kaskazi ikivuma, majahazi ya Sur na Maskati yaliteremka kuja kwetu. Kusi ikigeuka, yakarejea. Katika karne ya 19 Sayyid Said bin Sultan aliuhamishia ufalme wake Unguja, na familia nyingi za Kiomani zikamfuata, zikaoa, zikazaa, zikalima karafuu. Vizazi vikapita. Watoto wakawa wanaota ndoto kwa Kiswahili, na Oman kwao ikawa jina la kijiji fulani alikotoka babu, kijiji ambacho hawajapata kukiona.

Tarehe 12 Januari 1964 yakatokea Mapinduzi. Wengi waliuawa, wengi walikimbia, na wenye asili ya Oman wakaanza kukumbuka kile kijiji cha babu. Wengine walipandishwa meli kupelekwa Maskati. Lakini Sultani Said bin Taimur hakuwa na hamu ya kupokea maelfu ya watu waliozoea shule, magazeti na siasa. Alipokea wachache, na wengine wakabaki wametawanyika Dubai, Kuwait, Cairo, Uingereza na kwingineko, kila familia ikisubiri kwa namna yake.

Mmoja wao alikuwa sultani mzima. Jamshid bin Abdullah alikalia kiti cha Zanzibar Julai 1963 na kupinduliwa kabla hajatimiza mwaka. Akaenda Uingereza, akaishi Portsmouth, mji wa bandari wenye mvua, kwa zaidi ya nusu karne. Ukoo wake ni Al Busaid, ule ule unaotawala Oman. Mtu angedhani kwamba huyo angepiga hodi tu akafunguliwa. Haikuwa hivyo. Ndugu na watoto wake waliruhusiwa kuhamia Oman miongo kadhaa iliyopita, lakini yeye mwenyewe akawa ananyimwa ruhusa, sababu ikitajwa kuwa ni usalama. Hadi Septemba 2020, chini ya Sultani Haitham bin Tariq wa Oman, ndipo aliporuhusiwa kwenda kumalizia uzee wake Maskati, naye amekwisha kuvuka miaka 90. Alifariki huko tarehe 30 Desemba 2024. Basi ukiona viza ya mama imetoka na yako bado, jua kwamba kuna familia ya kifalme iliyopata ruhusa vipande vipande namna hiyo hiyo, na kipande cha mwisho kikachelewa sana.

Tarehe 23 Julai 1970 Qaboos bin Said alimwondoa madarakani baba yake, Said bin Taimur. Nchi ilihitaji walimu, wauguzi, makarani, wahandisi, marubani, watu wa kuendesha benki na wizara ambazo zilikuwa ndiyo kwanza zinazaliwa. Sultani mpya akawaita Waomani waliokuwa nje warudi wajenge. Wazanzibari walikuwa wamesoma na walijua Kiingereza. Wakaja kwa wingi.

Lakini walipofika, walithibitishaje kuwa ni Waomani? Karatasi za Zanzibar hazikutosha. Cheti cha kuzaliwa cha Malindi au Wete kinasema umezaliwa Malindi au Wete. Hapa ndipo ukoo ulipofanya kazi. Mtu alitaja jina lake, la baba, la babu, na nisba ya kabila: Al-Harthi, Al-Barwani, Al-Riyami, Al-Mauli. Kisha akatafutwa sheikh wa kabila hilo bara ya Oman, kule vijijini penye mitende na mifereji ya falaji. Sheikh akiwauliza wazee wake, wakikumbuka kwamba kweli fulani bin fulani aliondoka na jahazi akaenda Sawahili, yaani mwambao wetu, asirudi, aliandika barua: huyu ni wetu. Barua ile ndiyo ilikuwa ufunguo wa pasipoti.

Sasa mnaelewa kwa nini bibi wengine wa Maskati huwasomesha wajukuu majina ya mababu mpaka saba kama wanavyowasomesha Juzuu Amma. Ndiyo yaliyowaingiza ndani. Na yule aliyekuwa na mama wa Kiomani lakini baba wa asili nyingine, au aliyesahau nisba yake, au ambaye sheikh wake hakumkumbuka? Huyo alipata taabu, kwani uraia wa Oman hufuata upande wa baba. Sioni haki katika hilo, nawaambieni wazi, lakini ndivyo ilivyokuwa na kwa sehemu kubwa ndivyo ilivyo.

Haya, turudi kwa familia yako, isiyo na sheikh Oman. Baba yako ni fundi wa umeme kutoka Mombasa, au mhasibu wa Dar es Salaam, au mwalimu wa Pemba. Nani atamsimamia?

Mwajiri. Kwa Kiarabu, na kwa Kiswahili cha Maskati pia, anaitwa kafili. Kampuni inaiomba Wizara ya Kazi kibali cha kumleta mfanyakazi wa kigeni, kibali kikitoka polisi wanatoa viza ya kazi, na baba anasafiri peke yake. Mara nyingi huwa hivyo, baba kwanza. Msimlaumu kwamba amekuacheni. Akifika anapimwa afya: damu, na picha ya kifua kutafuta kifua kikuu. Anachukuliwa alama za vidole. Halafu anapewa kadi ya ukaazi, ile ambayo wenyeji wa Kiswahili huiita bataka, na kwayo ndipo anaweza kufungua akaunti ya benki na kukodi nyumba kwa jina lake. Makampuni yana mtu maalumu wa kuzungukia ofisi hizi, anaitwa mandub, na mandub mzuri ni wa kuombewa dua.

Kuanzia hapo baba mwenyewe anageuka kuwa msimamizi. Anaomba viza ya kuunganisha familia, inayotolewa kwa mke na kwa watoto wasiofikia miaka 21. Serikali inataka kuona kwamba hatakuleteni kulala njaa, kwa hiyo imeweka mshahara wa chini. Kiwango hiki hubadilika. Mwaka 2023 kilishushwa hadi riali 150 kwa mwezi, na watu wengi waliokuwa wameishi miaka bila wake zao wakaanza kutafuta nyumba. Vilevile atadaiwa mkataba wa pango uliosajiliwa manispaa, cheti cha ndoa, na vyeti vyenu vya kuzaliwa.

Vyeti ndivyo vinavyosumbua kuliko yote, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kuna jambo zuri la kulielewa.

Chukua cheti chako cha kuzaliwa. Kama umezaliwa Zanzibar kimetolewa na Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii. Kama ni Tanzania Bara, kimetoka RITA, wakala wa usajili wa huko. Kina saini ya msajili. Wewe unajua ni cha kweli, mama anajua zaidi maana alikuwepo. Lakini karani wa Maskati hajawahi kuiona saini ile maishani mwake. Atajuaje kwamba hukuichora mwenyewe jana usiku? Basi cheti nacho kinatafutiwa wa kukisimamia. Kinapelekwa kwenye Wizara ya Mambo ya Nje ya Tanzania, ambayo inamjua msajili. Inagonga muhuri kusema saini hii tunaitambua. Kisha kinakwenda ubalozi wa Oman Dar es Salaam au ubalozi wao mdogo Zanzibar, ambao unaujua muhuri wa wizara. Nao unagonga wake. Kikifika Maskati, Wizara ya Mambo ya Nje ya Oman inaujua muhuri wa ubalozi wake. Kila mmoja anamshuhudia aliye nyuma yake, na ushahidi unatembea hivyo hivyo kutoka Wete hadi Maskati.

Ipo njia fupi. Nchi nyingi zimetia saini mkataba wa The Hague wa mwaka 1961, unaofanya muhuri mmoja utoshe kwa nchi zote zilizomo. Oman imo tangu 2012. Tanzania haimo, kwa hiyo sisi tunaendelea kupanga foleni na bahasha zetu. Nimewahi kumsikia mama mmoja akisema cheti cha mwanawe kimesafiri kuliko mwanawe, na alikuwa hatanii.

Kisha kinafasiriwa kwa Kiarabu na mfasiri aliyeidhinishwa, na hapo ndipo majina yanapozusha kizaazaa. Cheti kinasema Mwanakhamis, pasipoti inasema Mwana Khamis. Cheti cha ndoa cha kadhi kinamwita baba Salehe, pasipoti inamwita Swaleh. Kwetu hao ni mtu mmoja na hakuna anayehangaika. Kwa kompyuta ya polisi ni watu wawili, na mmoja wao hana ndoa. Ukiwa umefika umri wa kusoma, ifanye hii iwe kazi yako: kabla hawajasafirisha makaratasi, kaa mkekani na vyeti vyote, usome kila jina herufi kwa herufi, na tarehe pia. Watu wazima huzisoma hati zao haraka kwa sababu wanadhani wanazijua. Kosa likionekana Unguja hurekebishwa Unguja. Likionekana Maskati ni tiketi ya ndege.

Mengine ni mepesi. Fomu hujazwa kwenye vijiduka vinavyoitwa ofisi za Sanad, utaviona kila mtaa, Ruwi, Al Khuwair, Seeb, vina kompyuta mbili tatu na kijana anayechapa Kiarabu bila kutazama vidole vyake. Mama atapimwa na kupigwa picha. Na pale kaunta msishangae afisa akigeuka ghafla kuwa wa nyumbani, akauliza kwa Kiswahili cha Unguja kitupu, "Shangazi, mmetoka wapi?" Baba yake au mama yake huenda ndiye aliyekuja na barua ya sheikh baada ya 1970. Msalimieni kwa adabu, lakini msitarajie kwamba ataruka muhuri.

Mkishapata kadi, mnaishi. Shule itadai nakala ya pasipoti na ya ukaazi, zahanati vilevile. Lakini lazima mjue kadi zenu zimeshikwa na nini. Ukaazi wa mama na wenu umefungwa kwenye ukaazi wa baba, na wa baba umefungwa kwenye kazi yake, kama madau yaliyofungwa nyuma ya jahazi: jahazi likivuta nanga, madau yote yanaondoka nalo. Baba akiachishwa kazi, shule yako ya Maskati inaingia mashakani hata kama wewe ndiye wa kwanza darasani. Hiyo ndiyo sababu watu wazima huongea kwa sauti ya chini mkataba unapokaribia kwisha.

Zamani kamba hiyo ilibana zaidi. Mfanyakazi aliyetaka kumwacha kafili wake na kwenda kwa mwingine alihitaji barua ya kafili kwamba hana pingamizi. Akinyimwa, ilibidi aondoke nchini na kukaa nje miaka miwili kabla ya kurudi kwa kazi nyingine. Fikirieni familia yenye watoto watatu shuleni. Sharti hilo liliondolewa tarehe 1 Januari 2021. Sasa mkataba ukimalizika, mtu anaweza kuhamia kwa mwajiri mwingine. Sheria ya kazi ya mwaka 2023 nayo inamkataza mwajiri kushika pasipoti ya mfanyakazi bila ridhaa yake ya maandishi.

Hata hivyo wapo ambao sheria hiyo ya kazi haiwagusi: wafanyakazi wa majumbani, wanaotawaliwa na kanuni zao peke yao. Miongoni mwao wamo wanawake wengi kutoka kwetu. Mama anayekwenda Maskati kupika na kulea watoto wa wengine hawezi kuwaleta wa kwake, hata kama chumba kipo. Mwaka 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti kuhusu wanawake wa Tanzania walioteswa, kunyimwa mishahara na kunyang'anywa pasipoti katika nyumba za Oman na Falme za Kiarabu. Kama darasani kwenu yupo anayelelewa na bibi kwa sababu mama yuko Arabuni, msimuulize kwa nini mama yake hakumchukua. Jibu liko kwenye aina ya viza.

Kwa upande mwingine wapo wanaosimamiwa na fedha zao wenyewe. Mwaka 2021 Oman ilianzisha ukaazi wa wawekezaji, kwa viwango vya wakati ule: riali 250,000 kwa miaka mitano, riali 500,000 kwa miaka kumi. Mwalimu wa Pemba hayumo humo, tupite.

Na je, mtu akikaa sana, hawi Mwomani? Sheria mpya ya uraia ya mwaka 2025 inamtaka mgeni awe amekaa kihalali miaka 15 mfululizo, asiwe nje ya nchi zaidi ya siku 90 kwa mwaka, ajue Kiarabu, na awe tayari kuuacha uraia wake wa awali. Ni njia nyembamba na wachache huipita. Wengine hufikiri watapita kwa ndoa. Hadi Aprili 2023 Mwomani alilazimika kupata kibali cha serikali kabla ya kuoa au kuolewa na mgeni. Sharti hilo limelegezwa, lakini mtoto wa mama Mwomani na baba mgeni bado hazaliwi na uraia wa mama. Huyo naye anatafutiwa ukaazi, katika nchi aliyozaliwa mama yake.

Kwa wengi, basi, ni kadi, na kadi ina masharti madogo yanayosahaulika. Ukikaa nje ya Oman zaidi ya miezi sita mfululizo, ukaazi wako unaweza kufutika. Likizo ya kwa bibi Chake Chake ni tamu, lakini hesabuni miezi. Mama aliyekuja kwa viza ya familia haruhusiwi kuajiriwa kwa viza hiyo; akipata kazi, lazima abadilishiwe. Na kuja kwa viza ya matembezi ukitumai kuigeuza ukiwa humo humo ndani ni kujitia matatani: mwishoni mwa Oktoba 2023 polisi walisitisha kuzigeuza viza za matembezi kuwa za kazi, na waliokuwa wamekuja kwa mpango huo wakaambiwa watoke kwanza. Mtu akikwambia anamjua mtu atakayefanya ndani ya wiki, mwulize jina litakaloandikwa kwenye kadi ni la nani, la msimamizi au la dalali.

Limebaki jambo la miaka 21. Mtoto wa kiume aliyeingia Maskati mgongoni kwa mama anaweza kukua pale, akajua kila kona ya soko la Muttrah, akaongea Kiarabu cha Kiomani kushinda baba yake. Akitimiza 21 anatoka chini ya jina la baba. Akiwa chuoni, chuo kinaweza kumwombea viza ya mwanafunzi. Akipata kazi, kampuni inamwombea yake. Akikosa vyote viwili anarudi Tanzania, nchi ambayo huenda anaijua kwa likizo tu. Familia zenye busara huanza kulizungumza hili mtoto akiwa na miaka 17 au 18, mezani, naye akiwepo.

Na yule anayepata kazi huenda mwenyewe ofisi ya Sanad na bahasha yake. Kijana wa kompyuta anachapa jina, tarehe ya kuzaliwa, namba ya pasipoti, kisha anafika kwenye nafasi ya msimamizi na kuuliza. Kwa mara ya kwanza jina analolitaja si la baba yake.